Jibu: Muwasho wa njia ya haja kubwa, upake dawa siku ngapi?
Mkuu, umeuliza kama hiyo tyubu ya haidrokotisoni na lidokeini uliyonunua duka la dawa hapa Moshi unaweza kuipaka mwezi mzima. Hapana, mwisho siku 7. Osha kwa maji matupu (sabuni ndiyo mchokozi mkubwa), kausha kwa kugusagusa, usisugue, kisha paka safu nyembamba asubuhi na kabla ya kulala. Lidokeini inatia ganzi tu. Haidrokotisoni ndiyo inayoshusha uvimbe, ila ukizidisha siku ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika, na kama ni fangasi itasambaa. Betamethasoni (dawa ya jamii moja na haidrokotisoni) usiiguse bila daktari, ni kali mno kwa hapo. Unawashwa zaidi usiku? Fikiria minyoo. Ukiona damu, nenda hospitali ya Mawenzi wakupime.