Diski moja, kompyuta mbili: achana na waya wa Y

Swali: Habari mtaalamu. Nina steshenari ndogo, kompyuta mbili za zamani, moja Windows 7 nyingine Windows 10. Nataka zitumie diski moja ya nje ya USB. Fundi kasema ninunue waya wa Y wenye vichwa viwili, kila kichwa kompyuta yake, basi. Ni kweli?

Jibu: Hapana dada yangu, na hela ya waya usitoe. Hili swali naletewa kila kukicha na kila mara kuna fundi nyuma yake. Kile kichwa cha pili cha waya wa Y ni cha kuongezea umeme tu, kwa diski ambazo tundu moja haliziwezeshi kuzunguka vizuri, data haipiti huko.

Na hata ungepata kifaa cha kuzichomeka zote mbili kwa mpigo bado ungelia. Kompyuta ikifungua diski inasoma orodha ya mafaili na nafasi zilizo wazi, halafu inaishikilia kwenye memori yake ikiamini iko peke yake. Sasa hii inaona pale pako wazi inaandika invoisi, na ile nayo inaona palepale pako wazi inamwaga picha za pasipoti, hakuna anayemwambia mwenzake, mnaendelea na kazi wiki nzima mpaka asubuhi moja Windows inakuomba uifomati diski, yaani uifute yote. Na fundi huyohuyo ukimwita anabonyeza ndiyo!

Diski ikae kwenye kompyuta moja, ile yenye memori kubwa, na kompyuta hiyo isiruhusiwe kulala. Kama ruta yenu ina matundu ya LAN (ya waya wa mtandao), zichomeke kompyuta zote mbili hapo. Kama hakuna ruta, waya mmoja wa LAN kati yao unatosha, moja ipe IP (namba yake kwenye mtandao) 192.168.1.1 nyingine 192.168.1.2, mask 255.255.255.0, ila kadi za mtandao za zamani za Mbps 100 nyingine zinadai waya wa krosi, ule ambao nyuzi zake zimebadilishana nafasi upande mmoja. Halafu sheya folda, tengeneza yuza mwenye paswedi, imeisha. Kwa kadi hizo utapata kama MB 11 kwa sekunde, kwa barua na picha huoni shida, video za harusi ndo utasubiri.

Sasa kuwa makini hapa. Mafundi wengi wakiona kompyuta hazionani wanazima fayawoli (kinga ya mtandao), wanaweka Everyone, yaani mtu yeyote, apewe ruhusa zote, wanawasha SMB1 (njia ya kizamani ya Windows ya kusheya mafaili), wanachukua chao wanaondoka. SMB1 ndo njia ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017 kikafunga mafaili ya watu dunia nzima, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, na mwaka huohuo Microsoft wakaacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Windows 7 na 10 zinaelewana vizuri tu bila hiyo, anayekuambia lazima iwashwe hajui anachofanya. Kama hazionani, angalia kwanza kama neti imewekwa Private (Windows 7 inaita Home au Work) na si Public, mara nyingi tatizo ni hilo tu.

Halafu kusheya si bakapu, kirusi kikiingia kompyuta moja kinafika mpaka kwenye folda ya pamoja. Hela ya ule waya ianzie diski ya pili, kila Ijumaa jioni nakili kila kitu, ichomoe, uende nayo nyumbani.