Jibu: Kubrick ni fundi kweli ao kichwa ngumu tu?
Yaya, umeuliza kama Stanley Kubrick, mwongozaji wa filamu wa Marekani, alikuwa fundi ao mtu wa kichwa ngumu. Mimi nasema yote mawili.

Anza na filamu yake Barry Lyndon ya 1975. Maonyesho kadhaa ya usiku alitaka yamulikwe na buji peke yake, basi akatafuta lensi za Zeiss zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, zenye uwazi wa f/0.7, yaani zinaingiza mwanga mwingi sana, na kamera ikabidi irekebishwe ndipo zikae. Huku kwetu Ndosho umeme ukikatika, jaribu kumpiga mtu picha kwa mwanga wa buji na simu yako: utapata giza lenye pua! Yeye alipata kitu kama mchoro wa rangi wa zamani.

Habari kwamba alikuwa anajificha na watu, zimekuzwa tu. Alikaa kwake Uingereza na familia, akifanya kazi. Waandishi aliwakwepa, na ndege aliziogopa, ijapokuwa ujanani alikuwa na leseni ya rubani. Ndiyo maana Vietnam ya filamu yake ya vita, Full Metal Jacket, ilipigwa London, kwa mitende iliyoletwa kutoka Hispania.

Ila kumrudisha mwigizaji mara makumi kwa onyesho moja, hapo simtetei. Shelley Duvall alichoka kweli kwenye filamu yake The Shining, na uso wake unaonyesha.