Maumivu ya punda yana uzito gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina punda watatu, nami huishi kwa kuwachukuza mawe, mchanga na saruji kutoka gatini hadi kwenye nyumba zinazojengwa. Mwanangu, aliyerudi likizoni kutoka chuo kikuu, ananiambia kwamba mnyama anastahili kuzingatiwa sawa na binadamu, na kwamba kumfanyisha kazi punda mwenye kidonda mgongoni ni dhuluma, kama kumfanyisha kazi mtu mgonjwa. Nilikasirika, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyetuumbia punda tuwapande, na punda akipumzika siku moja nyumba yangu hulala njaa. Je, ni kweli kwamba mimi na punda wangu tu sawa?
Mwenye punda, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykum salaam. Mzee wangu, naona wewe na mwanao mnagombania neno moja, "sawa", na kila mmoja analishika kwa maana yake. Mwanafalsafa Peter Singer wa Australia, aliyelieneza dai hilo tangu mwaka 1975, hakusema kwamba mnyama atendewe kila analotendewa mtu, bali kwamba maumivu yanayolingana kwa ukali yahesabiwe kwa uzito uleule, awe anayeumia ni mtu au ni mnyama. Kabla yake, mwaka 1789, Mwingereza Jeremy Bentham aliandika kwamba la kuuliza si kama wanyama wanaweza kufikiri au kusema, bali kama wanaweza kuumia.

Hapo mimi niko pamoja na mwanao. Punda kwa maumbile yake huficha maumivu. Hula na kutembea hata anapoumwa sana, na mwenyewe humdhania mzima mpaka siku anapoanguka. (Inanisikitisha kwamba mnyama mvumilivu hivyo ndiye tuliyemfanya mfano wa upumbavu.) Ni kweli kwamba aya ya 8 ya Sura An-Nahl inawataja punda miongoni mwa wanyama tulioumbiwa kupanda, lakini aya ya 38 ya Al-An'am inawaita wanyama umma mfano wetu, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipompita punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, alimlaani aliyemtia. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo inakataza kumzidishia mnyama mzigo.

Ninapoachana na hoja hiyo ni kwenye uhai wenyewe. Mashua ikizama baina ya Mokowe na Lamu, nitamwokoa mtu kwanza, kwa sababu mtu ana maisha anayoyatazamia na watu wanaomngoja, jambo ambalo silioni kwa punda kwa kiasi hicho.

Swali lako zito, hata hivyo, ni la njaa, na siwezi kukuambia uwalaze wanao bila chakula. Ninachokuomba ni upime kwa ukweli ni safari ngapi za siku zinazoleta chakula, na ni ngapi zinazotokana na haraka ya fundi anayetaka mawe yafike kabla ya adhuhuri, kwa maana mara nyingi kinachowekwa mizani dhidi ya kidonda si sahani ya wali, bali gunia moja la ziada. Wala lawama si yako peke yako: mwenye nyumba anayekubania bei hadi ukalazimika kuzidisha mzigo ana sehemu yake katika kidonda hicho, ijapokuwa hajawahi kumgusa punda.

Huyo aliyeumia mvue shogi leo, asibebe kitu mpaka ngozi ijifunge, na umpeleke kwenye kituo cha The Donkey Sanctuary, ambacho kimekuwa hapo Lamu kikiwatibu punda bila malipo tangu mwaka 1987. Wawili waliobaki wasirithishwe mzigo wa mwenzao. Na mwanao, maadamu yuko likizoni, mchukue mwende pamoja kwa mwenye nyumba mkazungumze naye juu ya bei.