Barua kwa mwanangu: macho ya mjomba wako

Chang'ombe, Dodoma

Mwanangu Neema,

Nimesoma ujumbe wako. Unasema wifi yako mtarajiwa amesikia kwamba skizofrenia ya mjomba wako, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, ni ya ukoo na huonekana machoni, nawe unauliza kama ukapimwe macho kabla ya posa.

Hilo la macho si uzushi. Mshikie mtu kalamu mbele ya uso, uisogeze polepole kushoto na kulia, umwambie aifuate bila kugeuza kichwa. Macho ya wengi huteleza nayo. Ya mjomba wako hubaki nyuma, yakaruka kuiwahi, yakabaki tena. Nilipofanya kazi wodini niliyaona hayo kwa wagonjwa wengi, ingawa miruko midogo huhitaji mashine. Kipimo kingine ni cha taa: inawaka upande huu, wewe unatakiwa utazame upande ule. Wagonjwa hukosea zaidi. Kabla hawajajizuia, macho yameshaikimbilia taa.

Wapo wanaosingizia dawa. Lakini watafiti Diefendorf na Dodge waliandika habari za macho haya huko Marekani mwaka 1908, na klopromazini, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, ilianza kutumika kwa wagonjwa hawa miaka ya 1950. Halafu miaka ya 1970 Philip Holzman na wenzake wakapima ndugu wa damu wa wagonjwa, wasioumwa, wakakuta karibu nusu yao macho yao yanaruka vilevile. Urithi ukaonekana hapo. Ila ndugu hao wengi hawaugui kamwe! Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja, nikipimwa leo huenda yangu yakaruka pia, na sijawahi kusikia sauti za ajabu zaidi ya baba yako kuulizia chai.

Kwa hiyo usitoe hela yako. Pombe, dawa za usingizi, hata uchovu huvuruga macho hayohayo. Majibu yasingekwambia lolote. Na hakuna kinasaba kimoja cha kukamata: utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulitaja maeneo 287 ya vinasaba, kila moja likichangia kidogo tu. Mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hapatwi. Kwa watu wote, wanaougua ni kama 1 kati ya 100. Kwa mpwa wa mgonjwa hukadiriwa 4. Imeongezeka, sikufichi, lakini 96 wanabaki salama.

Bangi ndiyo ningeiogopa zaidi kuliko kalamu, maana huongeza hatari ya ugonjwa huu. Mwambie na mdogo wako, maana huyo simwelewi siku hizi.

Wakwe zako wewe mwenyewe waambie habari za mjomba, wasije wakazisikia sokoni Majengo. Anachoma sindano yake kila mwezi na analima. Na kwa mila yetu Wagogo, wajomba wana ng'ombe wao kwenye mahari yako, hivyo siku ya posa atakaa na wazee. Nimeshampelekea shati fundi.

Mama yako