Maswali ya wasomaji: Mhusika mkuu ni nani, na dhamira inatoka wapi?

Mbukwenyi jamani. Mara hii maswali yamekuja mengi afu karibu yote yanazunguka palepale, wahusika na dhamira, naona kwasababu mitihani inasogea na madesa (yale makaratasi ya majibu ya mitihani) yanagawiwa kila kona ya mji. Nimechukua sita. Mengine nitayajibu wakati mwingine, msinikasirikie.

"Tunaigiza Juliasi Kaizari kwenye klabu yetu shuleni. Kaizari anauliwa katikati ya mchezo, sasa anakuwaje mhusika mkuu? Wenzangu wanasema ni yeye kwasababu jina la kitabu ni lake." (Mwanafunzi, Kikuyu, Dodoma)

Jina la kitabu lisikusumbue kabisa. Mchezo wa Shakespeare una sehemu tano, Kaizari anakufa mwanzoni mwa sehemu ya tatu, na kabla ya hapo hata hayupo sana jukwaani. Mwalimu Nyerere alivyoutafsiri mwaka 1963 akaja kuurekebisha 1969 aliacha jina lilelile, lakini ukisoma polepole utaona anayebeba mzigo ni Brutus. Mi huwa nauliza swali moja tu nikitafuta mhusika mkuu: nani anaamua jambo ambalo asingeliamua hadithi isingekuwepo?

Nenda kwenye ile sehemu ya usiku, Brutus yuko bustanini kwake peke yake, usingizi hauji. Anajiambia mwenyewe kwamba hana ugomvi wowote na Kaizari, hajamkosea kitu, ila akivikwa taji huenda akabadilika, kwahiyo bora amchukulie kama yai la nyoka, umuue angali ndani ya ganda. Lile neno "huenda" lisome mara tatu. Mtu muungwana, anayeheshimiwa na mji mzima, anakubali kumuua rafiki yake kwa kosa ambalo rafiki bado hajalifanya! Na hapohapo kuna barua zinarushwa nyumbani kwake, yeye anadhani ni wananchi wanamlilia awaokoe kumbe ni Cassius, kiongozi wa njama, kazipanga. Sasa hapo ndo utapata dhamira. Watu wanaandika "usaliti" afu wanakimbilia swali lingine, lakini usaliti upo kwenye hadithi elfu. Cha humu ni kwamba mtu mwema anaweza kudanganywa kupitia wema wake, yaani Cassius hamhongi Brutus hela wala cheo, anamhonga sifa ya kuwa mzalendo. Na wema huohuo ndo unamfanya amruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, ahutubie msibani wakati Cassius kamkataza, na hotuba ile inageuza mji mzima.

Kwahiyo mkiigiza, anayecheza Brutus msimfanye katili. Akitoka bustanini watu waliokaa mbele wawe wanamwonea huruma, na bado wajue anakosea.

"Dhamira na ujumbe tofauti yake nini? Kila desa lina majibu yake." (Form six, Kongwa)

Dhamira ni jambo lenyewe analoshughulika nalo mwandishi, ujumbe ni funzo analobaki nalo msomaji, na vyote viwili vinakaa ndani ya maudhui. Ukiandika "madaraka" hiyo ni dhamira. Ukiandika "mtawala anayefunga midomo ya washauri wake ataishia kubaki na wanaomsifia tu" huo ni ujumbe. Usihangaike zaidi ya hapo.

"Kwenye Kusadikika majina yote yana maana, Karama, Majivuno, Fadhili. Mwalimu anasema hao ni wahusika bapa. Ina maana Shaaban Robert hakujua kuumba wahusika?" (Msomaji, Nkuhungu)

Hapana jamani, hapana! Mhusika bapa siyo mhusika mbovu. Ni mhusika asiyebadilika, umjuavyo mwanzo ndo hivohivo mpaka mwisho, na kwenye istiara, yaani hadithi nzima ya mafumbo, ndo anatakiwa awe hivo. Kusadikika ilitoka 1951, Mwingereza bado anatawala Tanganyika, huwezi ukaandika waziwazi kwamba serikali inafunga watu wanaosema ukweli, kwahiyo mzee anajenga nchi inayoelea angani na kiongozi wake wa mashtaka anaitwa Majivuno. Msomaji wa wakati ule alikuwa hahitaji kuelezwa.

Angalia kazi ya Karama. Kashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na badala ya kujitetea yeye anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, mbinguni mpaka ardhini, wakarudi na mambo ya kuinufaisha nchi wakaishia kifungoni. Sita nzima! Hadithi inarudia kusudi, ukifika mjumbe wa tatu tu ushaanza kuchoka na hasira imekupanda, na hasira hiyo ndo alikuwa anaitafuta Shaaban Robert. Mwisho Karama anaachiwa pamoja na wale wafungwa. Ukitaka kumkosoa, mkosoe hapo, maana utawala uliokuwa mgumu hivo unalainika haraka kidogo kwa maoni yangu. Lakini majina muachie.

"Nimesoma Makbeth ya Mushi. Mi naona kosa ni la wachawi, wasingemtabiria ufalme angetulia na cheo chake. Ndugu zangu wananibishia." (Dereva wa bodaboda, Majengo)

Kaka, hongera kwanza kwa kuisoma, tafsiri ile ya 1968 ya mchezo wa Shakespeare siyo nyepesi. Lakini nipo upande wa ndugu zako. Rudi pale wanapokutana na wachawi, Makbeth hakuwa peke yake, alikuwa na Banquo, jemadari mwenzake, na Banquo naye akaambiwa yake, kwamba yeye hatatawala ila kizazi chake kitatawala. Watu wawili, siku moja, maneno yaleyale masikioni. Banquo anaingiwa na mashaka na hamuui mtu, Makbeth anarudi nyumbani na kisu kichwani. Na wachawi hawajasema popote "muue Duncan", yule mfalme, wao wamesema utakuwa mfalme, basi. Njia kaichora mwenyewe, na mkewe akamsukuma aliposita.

Afu kuna kitu kwetu huku kinauma zaidi. Kabla hajaua, Makbeth anajihesabia sababu za kutofanya hivo: huyu ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, afu ni mgeni wangu, mi ndo natakiwa kufunga mlango muuaji asiingie. Mgeni kala kwako kalala kwako! Anazijua sababu zote anazitaja kwa mdomo wake, afu anabaki na moja tu ya kuua, tamaa. Mtu anayejua hivo huwezi kusema karogwa.

"Nimemkuta binti yangu wa form three na Rosa Mistika. Kufungua kurasa chache ni wanaume, pombe, kutoa mimba. Nimekichukua nimekifungia kabatini. Nimekosea?" (Baba wa mabinti wawili, Ipagala)

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako naielewa na wala si wa kwanza, kitabu hiki cha Kezilahabi kilitoka 1971 na kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Ila nakuomba kabla ya kukiacha kabatini ukisome wewe, na umuangalie sana Zakaria.

Zakaria ni baba kama wewe. Ana mabinti. Siku anagundua Rosa kaletewa barua na mvulana anampiga vibaya mno, na kwa akili yake hapo anamlinda. Lakini hakai naye chini hata siku moja akamwambia wanaume wakoje, barua ya namna hii inajibiwaje, ukipendwa ufanye nini na ukidanganywa ufanye nini. Mama yake Rosa, Regina, naye anaishi kwa kipigo cha huyohuyo mlevi, kwahiyo nyumbani Rosa kajifunza woga tu. Afu anafika chuo cha ualimu Morogoro, fimbo ya baba iko mbali Ukerewe huko, na ndani yake hamna kitu kingine cha kumshika. Mwisho anajiua.

Nilivyokisoma nikiwa na umri wa binti yako nilimchukia Rosa. Nimekuja kukirudia nishakuwa mzazi nikashindwa kulala, nilikuwa namuwaza Zakaria. Kezilahabi hamsafishi Rosa, makosa yake yapo pale wazi, lakini anatuonesha alivyotumwa kuchagua kwenye mambo ambayo hakuwahi kuruhusiwa hata kuyauliza. Madesa yanaandika "malezi", neno moja, lakini humo kuna swali kubwa zaidi: mtoto uliyemchunga kwa woga, woga ukiondoka anabaki na nini?

Kisome, mrudishie, afu muulize swali moja: Zakaria alitakiwa afanyeje siku ile ya barua? Mzee wangu, akishaanza kujibu usimkatize.

"Mi Mgogo wa Mvumi. Fasihi ya Kiswahili kila siku ni Tanga, Lamu, Unguja. Huku kwetu hamna mtu?" (Msomaji)

Yupo, na wa karibu sana. Mathias Mnyampala, kazaliwa 1917 hapo Ihumwa unapopita ukielekea Morogoro, akafariki 1969. Kaandika historia na mila za Wagogo, kaandika Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, na ndiye aliyeikuza ngonjera mpaka ikaenea mashuleni nchi nzima. Na ngonjera ni shule nzuri ya wahusika, maana shairi lenyewe ni watu wanaobishana, mmoja haelewi au hakubali, mwenzake anamjibu ubeti kwa ubeti. Udhaifu wake naona ni kwamba aliyekosea mara nyingi anakubali upesi mno, mtu mzima hawi hivo.

Kitabu chake Ngonjera za UKUTA (UKUTA ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi) kilitoka 1970, yeye keshafariki. Ukizipata maktaba chagua moja, we chukua upande wa yule anayekosea na umtetee kwa nguvu zote, mwenzako achukue ule mwingine, msome kwa sauti, afu niandikie kama ulikubali kushindwa.