Barua kwa mwanangu: Wewe uko wapi hapa?

Uyole, Mbeya
14 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama yako halibanduki kwenye jiko la mkaa, na mimi naandika nimevaa lile koti uliloniletea Krismasi. Picha zote ulizotuma nimezipata. Mjukuu ndiye aliyenifungulia kwenye simu, moja baada ya moja, na kila moja aliuliza, "Babu, huyu yuko hai?" Ilipofika ya kumi na moja nikamfukuza akacheze.

Swali lako lilikuwa moja tu, na najua uliliandika huku unacheka: "Baba, hivi kweli bendi yenu mlikuwa maarufu, au ni zile hadithi zako?" Unasema limekukaa kichwani tangu mwaka jana, ulipokwenda London kuona maonyesho ya picha alizopiga Paul McCartney, yule wa bendi ya Beatles, na ndiyo sababu Desemba ulipokuja ulipanda darini ukateremsha sanduku langu la bati na kuondoka na negativu za filamu zangu bila kuniaga. Hilo la kutoaga nimelisamehe. Swali nitalijibu, usinikimbize.

Kadi uliyoninunulia kule nimeibandika kwenye kabati la vyombo. Ni ile aliyopiga New York, Februari 1964, kupitia kioo cha nyuma cha gari, watu wanawakimbiza katikati ya barabara. Nimeitazama asubuhi nyingi wakati nasubiri chai. Kijana wa miaka 21 na kamera yake ya Pentax, dunia nzima inamkimbilia, naye anageuka nyuma na kuipiga picha hiyo dunia. Mwezi huohuo mimi nilikuwa na miaka sita, nachunga ng'ombe wa babu yako Tukuyu. Uliponiambia kwamba yeye naye alidhani picha zake zimepotea, zikaja kuonekana kwenye kumbukumbu zake mwaka 2020, na kwamba nyingine zilikuwa zimebaki negativu tu, nilifurahi kuliko inavyostahili. Ni mpiga gita la besi mwenzangu. Na msemo wangu mnaujua, mkichoka kuusikia shauri yenu: besi haisikiki mpaka ikosekane.

Lakini tusidanganyane. Tarehe 9 Februari mwaka ule, Wamarekani milioni 73 waliwaona hao vijana kwenye televisheni kwa usiku mmoja. Sisi huku Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Tulikuwa na redio, tena moja, RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ukipigwa pale, umesikika Kyela, umesikika Sumbawanga, umesikika hadi kwa mtu anayechimba viazi Kitulo na redio yake ameitundika mtini. Uso wako hakuna anayeujua. Umaarufu wetu ulikuwa wa masikio.

Kuna mama mmoja pale Kyela, muuza mchele, aliniimbia wimbo wetu wote kuanzia mwanzo hadi kwenye chemko, pale mwendo unapokolea watu wacheze, na lile gita la besi aliliigiza kwa mdomo, du-du-dum, mahali pake hasa. Nikamwambia, "Mama, hiyo du-du-dum ni mimi." Akanitazama viatu. Kisha akasema kwa upole, kama anavyoongea na mlevi, "Haya baba, basi nunua mchele." Nilinunua. Kilo tatu, na hakunipunguzia hata senti. Nikikumbuka hadi leo nacheka peke yangu.

Kwa hiyo ndiyo, tulikuwa maarufu. Au hapana. Watoto wa Mafinga walilikimbiza lori letu kama hao wa New York walivyokimbiza gari, ingawa sisi walitukimbiza ili wapate kubeba vyombo waingie dansini bure.

Unajua tulivyokuwa. Watu tisa, bendi ya kiwanda. Mchana mimi karani wa stoo, jioni mazoezi, Ijumaa tunapanda lori. Vyombo vyote mali ya kiwanda, hata nyuzi za besi ziliandikwa kwenye leja, na leja naishika mimi mwenyewe. Kuishika leja hakukusaidia kitu, maana nyuzi hazikuwepo nchini. Nilikuwa naazima sufuria ya mama yako, nachemsha zile kuukuu dakika kumi mpaka maji yageuke rangi ya chai, jasho na mafuta ya vidole vitoke, kisha nazianika. Zikikauka sauti inarudi, wiki mbili hivi, halafu tunachemsha tena. Ugali wa siku hiyo ulikuwa na ladha ya chuma, naye hakusema neno, na ndiyo sababu nilimwoa. (Amesoma hapa begani kwangu, anasema alisema. Basi, alisema.)

Sasa Njombe, 1982. Hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Nilikuwa na ile Yashica niliyouziwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Filamu nilipata Tunduma kwa dereva wa malori ya Zambia. Mwaka ule sabuni ya kufulia tu ilikuwa ya foleni, sembuse filamu. Picha 36, na kila moja nilikuwa naiandika kwenye daftari. Nilikuwa nimetangaza kwenye bendi nzima: atakayegusa kamera hii, nitamvunjia mkono wa kupigia. Baba Mkubwa wako wa Mafinga alicheka akasema, "Mimi napulizia mdomo." Unamkumbuka alivyokuwa na majibu yule. Kiongozi wa bendi, na saksafoni yake haikumtoka shingoni hata akila.

Basi tumefika Njombe alasiri, baridi imekaza nyuzi hadi besi imepanda sauti, natuni nje kwenye jua. Baba Mkubwa anakuja: gazeti moja la Dar linataka picha ya bendi, itokee ukurasa wa burudani. Jipangeni mbele ya lori. Nami naweka besi chini, nakwenda kusimama mwisho upande wa kushoto, kwenye nafasi yangu. Akasema, "Sasa wewe unakwenda wapi? Nani atapiga?"

Nikapiga. Kwenye daftari ni namba 22.

Ilitoka gazetini baada ya wiki tatu. Wanamuziki wanane wamesimama mbele ya lori, majina yao chini kuanzia kushoto, na maneno kwamba hii ndiyo bendi kamili. Nikalinunua gazeti nikapanda gari hadi Tukuyu. Babu yako unamjua, mzee wa kanisa, mpuliza tarumbeta wa Moravian, kwake dansi ilikuwa njia fupi ya kwenda motoni. Lakini gazeti ni gazeti. Akavaa miwani, akalilaza mezani, akaanza kupitisha kidole kwenye nyuso, moja, mbili, tatu, mpaka nane. Akarudi mwanzo. Akapitisha tena. Ukucha wake ulikuwa na udongo wa shambani, ukaacha mstari mdogo wa kahawia kwenye vifua vya wenzangu.

"Wewe uko wapi hapa?"

"Baba, hiyo ndiyo mimi niliyepiga."

"Umepiga nini, gita?"

"Hapana, picha. Gita nalo napiga, ila hapo nimepiga picha."

Akavua miwani. "Sikuulizi umepiga nini. Nakuuliza uko wapi."

Akalikunja gazeti vizuri, akanirudishia. Hakulitaja tena mpaka anakufa, na katika bendi ile nilikaa miaka mingine mitano.

Nimekaa na kisu hicho zaidi ya miaka arobaini, mwanangu, na kwa muda wote huo aliyekishika mpini ni Baba Mkubwa. Kwa nini asimwambie dereva apige? Dereva alikuwepo, ameketi kwenye ngazi ya lori anatafuna muwa. Kwa nini aliyepeleka majina asiongeze la tisa? Nimeyauliza maswali haya usiku mwingi, na kwa sababu wewe ni mtu mzima nitakwambia na majibu yake. Dereva mikono ilikuwa inanata sukari, na kama angeigusa kamera ile ningepiga kelele mimi wa kwanza. Si nilikuwa nimetangaza? Na majina, gazeti liliomba ya waliomo pichani. Mimi sikuwemo. Ukiyapanga hivyo, hakuna aliyekosea. Lakini mbona hakuniambia hata "pole"? Neno moja tu. Alikuwa na majibu ya kila kitu, hilo likamshinda. Besi haisikiki mpaka ikosekane, na pale haikusikika hata ilipokosekana.

Unakumbuka tulipoletewa taarifa ya msiba wake? Ulikuwa kidato cha pili. Nilisema gari bovu. Gari halikuwa bovu.

Haya, sasa tuje kwenye picha yako. Katika hizo ulizotuma kuna moja uliyoiandikia chini "baba handsome", na mjukuu akaipita haraka kwa sababu ina ukungu. Nikamwambia rudi. Ndani ya ukumbi, usiku, taa ndefu za darini. Kijana mwembamba amefumba macho, ameinamia besi, mkono wa kulia umetikisika hadi unaonekana una vidole kumi. Nilidhani nimekosea. Nikatafuta kile kioo cha kusomea dawa nikasoma namba kwenye ukingo wa filamu. 23. Kipande kilekile, imepakana na ile ya lori. Namba 24 ni akina mama wa viazi vya kuchemsha, nimepiga mimi kesho yake asubuhi.

Nilijua tangu zamani kwamba filamu ile iliniishia kabla ya hesabu ya daftari. Nilimsema sana mpiga tumba kwamba amenipotezea picha, maskini, akaapa kwa mama yake. Na negativu yenyewe nilipoiinua kwenye mwanga wakati ule niliona weupe mtupu, kama kioo, nikasema hii imeharibika, na karatasi za kusafishia zilivyokuwa adimu nani angehangaika nayo? Kumbe mwanga tu ulikuwa haukutosha, aliyepiga hakujua kugeuza pete. Mashine yenu ya huko imenichimbua.

Nani alipiga? Nimewahesabu walioko jukwaani. Solo, rizimu, dramu, tumba, waimbaji wawili, kiwiko cha tarumbeta, na mimi. Nane. Na mbele kabisa, chini, kuna kiti cha mbao kimeziba robo ya picha, juu yake kuna kitu kinang'aa. Kikuze kwenye kompyuta yako uone. Ni saksafoni, na mkanda wake unaning'inia.

Sisemi kwamba ni yeye. Mtu anaweza kuweka chombo kwenye kiti akaenda nje. Kulikuwa na mtunza mlango, kulikuwa na mwenye ukumbi, kulikuwa na watoto. Ingawa kamera ilikuwa kwenye begi langu nyuma ya spika, na nyuma ya spika alikuwa hapiti mtu asiye wa bendi. Na kama ni yeye, kwa nini miaka yote ile ya lori moja, sahani moja, asiniambie? Labda aliogopa mkono wake. Labda alisubiri niisafishe niione mwenyewe, akashangaa mbona sisemi kitu. Hilo la mwisho limenikosesha usingizi siku mbili, kwa hiyo naliacha. Sisemi.

Jana nilikwenda Mwanjelwa kuisafisha. Kijana wa pale ana heshima, akaifungua kwenye kompyuta, akasema, "Mzee, hiki kiti cha mbele nakikata, kinakuzibia." Nikamwambia akiguse aone. Nikamwagiza mbili, za ukubwa wa ukutani.

Mama yako anasema ya pili tumpelekee mjane wa Mafinga, twende Jumamosi hii. Nimemwambia gari bovu. Amesema mabasi yapo.

Baba yako