Uliza Tukujibu: Nani Anajua Shule Nzuri Inagharimu Kiasi Gani?

Mwezi huu barua za hela za shule zimekuwa nyingi, nimechukua tatu zinazoendana. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe kauliza maswali mawili kwa mpigo na yote ni ya maana.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Naishi Baltimore County, jimbo la Maryland hapa Marekani, nina watoto wawili shule ya serikali, mdogo tumemleta juzi juzi kutoka Mombasa. Kila nikienda mkutano wa wazazi nasikia Kirwan, nasikia Blueprint, mabilioni yanatajwa utafikiri njugu, na mimi ninachoona ni kodi tu na darasa la mwanangu bado limejaa. Hiyo tume ilijuaje shule bora inagharimu kiasi gani? Na hizo hela zimeenda wapi? — Mama Wawili

JIBU: Salama kabisa dada, na pole na baridi. Ngoja nianze nyuma kidogo.

Katiba ya Maryland tangu 1867 inasema jimbo liwe na mfumo wa shule za bure uliokamilika na unaofanya kazi sawasawa. Maneno mazuri, ila hayana bei. Mwaka 1994 wazazi wa Baltimore mjini wakisaidiwa na mawakili wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wakaenda mahakamani wakasema watoto wetu hicho kilichoandikwa hawakipati, na 1996 wakafika makubaliano na jimbo, mji ukaongezewa fedha. Sasa hapo ndio likazuka swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: kama hizi hazitoshi, zinazotosha ni ngapi? Ndio 1999 ikaundwa tume, mwenyekiti wake Alvin Thornton, profesa wa siasa wa Chuo Kikuu cha Howard, na 2002 bunge la jimbo likapitisha sheria kutokana na kazi yao, nyongeza ya kama dola bilioni 1.3 kwa mwaka iliyoingizwa kidogo kidogo mpaka 2008.

Walijuaje? Kuna njia kadhaa na hakuna hata moja iliyo kamili, nakwambia mapema. Njia ya kwanza wanachagua shule ambazo watoto wake tayari wanafaulu, wanaangalia zinatumia kiasi gani kwa kila mtoto. Rahisi, ila shule nyingi za hivyo ziko kwa matajiri, mtoto anakuja ameshakula na ana mwalimu wa tuition nyumbani, kwahiyo ile namba inakudanganya. Njia ya pili wanachukua tafiti, darasa la watoto wangapi linasaidia, tuition ya ziada inasaidia kiasi gani, halafu wanajumlisha bei. Ya tatu ndio naipenda mimi: wanakusanya walimu, wakuu wa shule na wahasibu wa wilaya, wanawapa shule ya kwenye karatasi tu, haipo popote, wanaambiwa hii ina watoto mia kadhaa, wangapi wao ni maskini, wangapi hawajui Kiingereza, wangapi wana ulemavu, na hivi ndivyo viwango jimbo linataka wafikie, haya tuambieni mnahitaji nini. Wanaanza kutaja, walimu wangapi, nesi mmoja au nusu nesi (yaani anakuja siku mbili tatu kwa wiki), mshauri nasaha, mtu wa kompyuta, mwalimu wa kuziba pengo mwenzake akiumwa, mpaka karatasi za fotokopi. Bei inawekwa mwisho kabisa, baada ya orodha kukamilika. Mpangilio huo ndio siri ya kazi yote, kwa sababu bajeti za kawaida zinaanzia upande wa pili: hela ni hizi, jipangeni.

Wapo wanaozipinga njia zote hizi. Mchumi Eric Hanushek wa Stanford kwa miaka mingi amekuwa akisema hii si sayansi, ukimuuliza mwalimu anataka nini atakutajia kila kitu, na hela peke yake haifundishi mtoto. Hoja yake ina uzito, siibezi. Ila mimi naona hata namba yenye makosa ikiwa na orodha nyuma yake unaweza kugombana nayo mstari kwa mstari, unasema huyu nesi wa nini, ile ya waziri aliyoitoa kichwani utagombana nayo vipi?

Kitu kingine kikubwa cha Thornton ni kwamba watoto hawakuhesabiwa sawa. Kila mtoto alikuwa na kiwango cha msingi, halafu mtoto wa familia maskini anaongezewa asilimia 97 juu yake, anayejifunza Kiingereza asilimia 99, mwenye mahitaji maalum asilimia 74. Kwahiyo mtoto kama huyo mdogo wako kwenye fomula alikuwa karibu sawa na watoto wawili. Kumbuka hilo nitarudi kwako.

Sasa ikaja 2008 uchumi ukaanguka. Bunge lilikuwa limeshasimamisha ile nyongeza ya kila mwaka ya mfumuko wa bei, hela zikabaki palepale na bei zikaendelea na safari yake. Wilaya zikaanza kupunguza. Mwaka 2016 wakaunda tume nyingine ya watu 25 chini ya William Kirwan, aliyewahi kuwa mkuu wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, na hiyo ndio unayoisikia. Hawa walikwenda mbali, walisema mishahara ya walimu wapya ifike dola 60,000 kufikia Julai 2026, watoto wa miaka mitatu na minne waingie shule ya awali, shule zenye maskini wengi zipewe fungu la peke yake, mwalimu asikae darasani zaidi ya asilimia 60 ya muda wake ili zinazobaki apange masomo na asaidie wanaobaki nyuma. Gharama: kama dola bilioni 4 za ziada kwa mwaka mambo yote yakishakamilika. Bunge likapitisha 2020 sheria iliyotokana na kazi yao, ndio hiyo Blueprint, Gavana Larry Hogan akaupiga mswada kura ya turufu mwezi Mei akisema corona imeshaua uchumi, Februari 2021 bunge likamzunguka likapitisha hivyo hivyo.

Kwahiyo hela ziko wapi. Kwanza hazijafika zote, zinaingia kwa awamu, na 2025 jimbo likiwa na pengo kubwa la bajeti chini ya Gavana Wes Moore kile kipengele cha muda wa mwalimu nje ya darasa kikasogezwa mbele. Ndio kilekile ambacho kingedai walimu wengi zaidi, ukiona darasa bado limejaa hapo ni sehemu ya jibu. Pili nyingi zimekwenda kwenye mishahara, ambayo wewe mzazi huioni kwa macho ila mwalimu aliyekuwa anataka kuhama anaiona. Tatu kaunti nayo inadaiwa mchango wake, na hapo ndio kodi yako ilipo.

Halafu sheria inataka angalau asilimia 75 ya fedha ambazo mtoto anahesabiwa zimfuate kwenye shule anayosoma, zisiishie makao makuu ya wilaya. Hilo ulizia kwenye mkutano, waambie tuonyesheni ya shule yetu, sio ya kaunti nzima.

Na sasa huyo mdogo. Ulipomwandikisha ulipewa fomu ya lugha ya nyumbani. Dada zangu wengi huko wanaandika Kiingereza, wanaogopa mtoto atarudishwa darasa au ataonekana mjinga, nawaelewa. Andika Kiswahili kama ndio mnachoongea. Atapimwa Kiingereza chake, akionekana anahitaji msaada ana haki ya kufundishwa, na shule inapata fungu la huyo mtoto (kwenye fomula mpya bado ni nyongeza kubwa tu, sio ndogo). Ukificha, mtoto hasaidiwi na shule haipati kitu, ila mwalimu anabaki naye vilevile. Na ile fomu ya kipato inayokuja mwanzo wa mwaka pia ijaze, watoto wanahesabiwa kufikia tarehe 30 Septemba na hesabu hiyo ndio inayobeba hela.

SWALI: Mhariri, hizi tume si ulaji wa posho tu? Watu wanakaa hotelini miezi, wanatoa kitabu, kitabu kinawekwa kabatini. Mimi nimezeeka nikiviona. — Mzee wa Nakuru

JIBU: Shikamoo mzee. Kwa nusu umesema kweli na siwezi kukubishia.

Chukua jimbo la Oregon. Wapiga kura 1990 walipunguza kodi za majengo, mzigo wa shule ukahamia kwa jimbo, wabunge wakawa wanajiuliza kila mara tunanunua nini hasa na hii hela. Wakatengeneza mfano wa shule bora, wakaunda tume ya kudumu ambayo kila miaka miwili inatoa namba mpya, na mwaka 2000 wananchi wakapiga kura ya kuingiza kwenye katiba kwamba bunge litoe hela za kutosha kufikia viwango, au likishindwa litoe ripoti ya kueleza kwanini. Unaona palipo na mlango wa kutorokea? Bunge karibu kila mara limetoa pungufu halafu likaandika ripoti. Wilaya za shule zikashtaki, 2009 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema katiba hailazimishi bunge kufikia ile namba. Basi.

Lakini kuna upande wa pili mzee wangu, na huu utacheka. Kansas walikuwa wanavutana na mahakama kuhusu hela za shule kwa miaka, 2018 wabunge wakaajiri mtaalamu wao wenyewe, Lori Taylor wa Texas, na wengi walitegemea ataleta namba ndogo ya kuwaokoa. Akaleta ripoti kwamba zinahitajika kati ya dola bilioni 1.7 na 2.1 za ziada. Walimlipa wenyewe, wangesema nini tena?

Na kwenu Kenya si mmeshaonja. Mwaka 2014 ile kamati ya Kilemi Mwiria ilipiga hesabu za karo za sekondari, 2015 viwango vikatangazwa kwenye gazeti la serikali, na shule ngapi ziliendelea kutoza za kwao na "maendeleo fund" juu yake unajua kuliko mimi. Kapitesheni (fungu la serikali kwa kila mwanafunzi) ya sekondari ya kutwa ikawekwa shilingi 22,244 kwa mtoto kwa mwaka. Julai 2025 waziri wa fedha John Mbadi akawaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haiwezi kuitoa yote. Namba ipo, hela hakuna. Mimi bado nasema afadhali namba iwepo, kwa sababu mwalimu mkuu anaweza kusema mnanidai ufaulu wa 22,244 na mmenipa chini ya hapo. Bila namba angesema nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Kilosa. Sisi tunapata ruzuku ya uendeshaji lakini haitoshi na wazazi wakichangishwa wanatuambia elimu ni bure Rais alisema. Je Tanzania inaweza kuwa na tume kama hizo? — Mwalimu

JIBU: Mwalimu wangu, kwanza hongera kwa kazi, pili tuangalie hiyo namba yenu imetoka wapi maana watu wengi hawajui.

Ulipoanza MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002 ruzuku ya mwanafunzi wa msingi iliwekwa dola 10 kwa mwaka, wakati huo ilikuwa kama shilingi 10,000. Shilingi ikaendelea kushuka, na iliyobaki kwenye vitabu ni ile shilingi 10,000. Waraka namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016 ni hiyohiyo elfu kumi iliyobebeshwa mzigo wote, na kati ya hizo 4,000 ni za vitabu zinabaki juu, shuleni kwako zinashuka 6,000. Gawanya kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi.

Shule ya watoto 800 hapo inapata laki nne kwa mwezi. Lipa umeme kama upo, maji, chaki, karatasi na kudurufu mitihani, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri, kitasa kilichovunjwa na watoto wa jirani Jumamosi, fundi wa choo. Mpira wa michezo sijautaja. Mlinzi sijamtaja kabisa na kila mtu anajua analipwa na nani.

Kwahiyo jibu langu ni kwamba inaweza, na haihitaji mabilioni wala wataalamu kutoka nje, kinachohitajika ni kufanya ile ya tatu niliyomwambia Mama Wawili hapo juu: walimu wakuu wa kijijini na wa mjini, wahasibu wa halmashauri, wazazi wa kamati za shule, wakae wapewe shule ya kwenye karatasi yenye watoto 800 wa Kilosa na wataje mstari kwa mstari. Na sheria iseme namba inapanda na bei kila mwaka, maana iliyokwama 2002 imekwama kwa kukosa hicho kipengele tu.

Ila usisubiri tume. Kamati yako ya shule mna haki ya kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, bandikeni na upande wa pili wa karatasi wekeni yanayohitajika na bei zake, za dukani hapohapo Kilosa. Mzazi anayesema elimu ni bure akisoma kwamba mtoto wake analetewa shilingi 500 kwa mwezi mazungumzo yanabadilika, na diwani akija kwenye mahafali mpeni nakala mkononi. Ukipiga hiyo hesabu nitumie, nitaichapa yote bila kutaja jina la shule.